Shajara ya mradi: ngao ya ukoo, kutoka orodha ya vitu 14 hadi ubao ukutani

Kazi yenyewe: kubuni ngao ya ukoo mmoja wa Tanga, kuieleza kwa maneno ya Kiswahili, kuichonga kwenye ubao wa sentimita 45 kwa 54, na kuichongea muhuri. Ukoo huu una pande tatu: mabaharia wa Pangani kwa baba, wakulima wa Usambara kwa mama, na walimu wa kizazi cha kati. Bei zote ni shilingi za Tanzania. Hatua zilizokwenda sawa zimefupishwa. Palipoharibika ndipo pameandikwa kwa urefu.

Februari 10, 2024. Orodha

Kikao cha kwanza kilitoa vitu 14: jahazi, mnazi, mlima, jembe, kitabu, kalamu, mwenge, simba, mikuki miwili, ramani ya Afrika, jua, nanga, mikono inayoshikana, na lori la babu aina ya Bedford lililokuwa likibeba mboga kati ya Lushoto na Mombo.

Ngao yenye vitu 14 si ngao, ni ukuta wa kinyozi. Ngao zilianza karne ya 12 huko Ulaya ili mtu atambulike kwa mbali, na kipimo hicho hakijabadilika. Kila kitu kilipitishwa kwenye mtihani mmoja: kikichorwa ndani ya duara la sentimita 8 na kubandikwa ukutani, mtu asiyejua lolote akisimama hatua 12 atakitaja? Ramani ya Afrika ilipita, lakini ikaondolewa kwa sababu inamfaa kila Mwafrika, kwa hiyo haimtambulishi yeyote. Mikono inayoshikana ilionekana kama kaa. Nanga na jahazi zinasema neno lilelile, nanga ikatoka. Simba hakuna aliyeweza kueleza anahusiana vipi na ukoo.

Vilibaki vitano: jahazi, mlima, jembe, kalamu, lori. Muda: saa tatu na nusu. Gharama: chai.

Jambo la kuwekwa sawa kabla ya kuendelea: zipo tovuti zinazouza “nembo ya jina lako”, unaandika jina la ukoo, unalipa, unatumiwa picha. Kwa desturi ya Uingereza na Uskoti ngao haigawiwi kwa jina. Hupewa mtu, kisha huwashukia watoto wake. Poland ni tofauti, huko koo nyingi zisizo na undugu zilitumia ngao moja. Sisi tumefuata njia ya kwanza: ngao ni ya wazee wawili walio hai na kizazi chao, si ya kila mwenye jina hilo.

Februari 24. Rasimu ya kwanza: rangi juu ya rangi

Rasimu ilikuwa na uwanja wa buluu (bahari), mlima wa kijani (Usambara), jahazi jeupe juu ya maji. Kwenye skrini ilipendeza. Ilipochapwa kwenye karatasi ya A4 na kubandikwa mita 10, mlima ulitoweka. Picha ya simu ya rangi nyeusi na nyeupe ilithibitisha: buluu na kijani zote zilikuwa kijivu kilekile.

Hii ndiyo kanuni ya kwanza ya sanaa ya ngao, na haipo kwa ajili ya ushamba wa Wazungu wa kale. Rangi zimegawanywa makundi mawili. Kundi la madini: dhahabu na fedha, ambazo kwa brashi ni njano na nyeupe. Kundi la rangi: nyekundu, buluu, kijani, nyeusi, zambarau. Madini hayawekwi juu ya madini, wala rangi juu ya rangi. Ngao ya ufalme wa kale wa Yerusalemu ilivunja kanuni hii kwa misalaba ya dhahabu juu ya fedha, na inatajwa hadi leo kwa sababu ni ajabu.

Kwa ukali wa sheria, mlima wetu haukuwa kosa. Uwanja uliogawanywa vipande viwili huhesabiwa kuwa vimelala ubavu kwa ubavu, si kimoja juu ya kingine, kwa hiyo buluu na kijani vinaruhusiwa kupakana. Lakini jicho la aliye mita 10 halijasoma sheria hiyo. Kijani kikaondoka, ingawa upande wa mama ulikipigania wiki nzima. Mlima ukawa wa dhahabu.

Kuhusu maana za rangi: majedwali yanayosema nyekundu ni ushujaa na buluu ni uaminifu yalitungwa baadaye na waandishi waliopenda mpangilio. Hakuna orodha moja inayomfunga kila mtu. Hapa dhahabu ilichaguliwa kwa sababu inaonekana kando ya buluu, halafu maana ikafuata: mahindi yaliyokauka shambani. Anayesema maana ilitangulia anajipamba. Si vibaya kujipamba, ila kwenye shajara tuandike ilivyokuwa.

Machi 9. Alama zenye wenyewe

Vitu vitano vilivyobaki vilikaguliwa: je, kuna mwingine anavimiliki?

Jembe lilitoka hapa. Likiwa peke yake halina tatizo, lakini kila aliyeonyeshwa aliuliza nyundo iko wapi. Jembe na nyundo ni alama ya CCM, na ngao ya ukoo haitakiwi kuanza kwa kujieleza kisiasa. Kenya nako jogoo mwenye shoka katika ngao ya taifa ni yuleyule wa chama cha KANU. Mwenge, bibi na bwana, na pembe za ndovu zilizopinda kuwazunguka zimo kwenye Ngao ya Taifa ya Tanzania na zina sheria yake. Kenya pia ina sheria ya namna hiyo. Usiziguse hata kama babu aliukimbiza Mwenge wa Uhuru.

Lori lilikuwa gumu. Mashine za zama moja huzeeka vibaya kwenye ngao: vijana wawili kati ya wanne walidhani ni basi la shule. Namna ya kuliokoa ni kuchukua kiungo kimoja kinachobeba kizima. Lori likawa gurudumu. Ndipo likaja tatizo la pili, idadi ya spoki. Spoki 24 ni gurudumu la bendera ya India. Spoki 8 ni gurudumu la dini ya Kibuddha. Gurudumu lenye meno, spoki 6, kwa dhahabu na buluu, ni la Rotary, na sisi tulikuwa tumeshachagua dhahabu na buluu. Uamuzi: spoki 6, bila meno, rangi nyeusi. Nyeusi juu ya njano ni miongoni mwa jozi zinazosomeka mbali zaidi, kwa hiyo hapa hakukuwa na la kujuta.

Jahazi zima lilipunguzwa likawa tanga. Jahazi lenye mwili wake, kamba, mlingoti na bendera halichongeki kwenye sentimita 17. Tanga la pembetatu linatosha, na hakuna baharia wa Pangani atakayeuliza ni la nini.

Yakawekwa mawili, moja la kusi na moja la kaskazi. Kusi, takriban Aprili hadi Septemba, lilipeleka majahazi Mombasa na Lamu. Kaskazi, Desemba hadi Machi, likayarudisha. Tanga moja ni safari, mawili ni kwenda na kurudi. Hii ndiyo sehemu pekee ya ngao ambayo wazee walikubaliana bila kubishana.

Machi 23. Kuiandika kwa maneno

Ngao haimo kwenye mchoro. Imo kwenye maelezo. Mchoraji yeyote akipewa maelezo yale yale atachora ngao ile ile, hata mkono ukiwa tofauti. Waingereza wana lugha yao maalumu kwa kazi hii, nusu yake Kifaransa cha kale. Kiswahili hakina iliyozoeleka, kwa hiyo maneno ilibidi yatafutwe: uwanja (sehemu yote ya nyuma), alama (kitu kilichowekwa uwanjani), shungi (kinachosimama juu ya ngao), kilemba (kitambaa kilichosokotwa chini ya shungi), utepe (penye maneno), pindo (ukingo unaozunguka).

Maelezo ya kwanza yalikuwa: “Ngao imegawanywa kwa mlima, juu buluu, chini dhahabu. Juu matanga mawili meupe, chini gurudumu jeusi.” Wakapewa wachoraji wa mabango wawili ambao hawajauona mchoro, 20,000 kila mmoja.

Wa kwanza alichora Kilimanjaro yenye theluji, matanga ya mraba kama ya meli za Vasco da Gama, na gurudumu lenye tairi. Wa pili alichora mlima wenye vilele vitatu, na matanga yote mawili yakielekea upande mmoja. Wote walikuwa sahihi. Maelezo ndiyo yaliyokosea.

Kosa baya zaidi halikuwa la wachoraji. Maelezo yaliposomwa mbele ya wazee, bibi mmoja aliuliza kwa nini ngao ina matanga, nani amefiwa. Tulikuwa tumezama mno kwenye majahazi hata hatukusikia neno lenyewe. Wingi huo ukaondolewa kwenye maandishi rasmi, na kila tanga likatajwa peke yake.

Neno la mlima nalo lilipatikana kwa mafundi wa paa. Umbo la mistari miwili inayokutana juu huitwa na Wafaransa kwa neno lile lile la boriti ya paa. Mafundi wetu wanayo tayari: kenchi. Maelezo ya mwisho:

“Ngao imegawanywa kwa kenchi, juu buluu, chini dhahabu. Juu, tanga la jahazi la pembetatu, jeupe, kwenye foromali iliyoinama, upande wa kulia, na jingine upande wa kushoto, zikitazamana. Chini, gurudumu jeusi la spoki 6, lisilo na meno wala tairi.”

Foromali ni mti unaoshikilia tanga juu. Mchoraji wa tatu alipewa haya (20,000 nyingine) akapatia kila kitu isipokuwa unene wa spoki, ambao ni haki yake.

Angalizo kwa anayefuata: kulia kwenye ngao ni kulia kwa aliyeishika, yaani kushoto kwa anayeitazama. Kosa hili hutokea kila mara. Ngao yetu imenusurika kwa sababu pande zake mbili zinafanana. Kama yako ina simba upande mmoja na samaki upande mwingine, andika onyo hilo juu ya kila karatasi. Na kiumbe chochote kisichoelezwa huelekea kulia kwa mbebaji, kwa hiyo kama unataka vitazamane, sema.

Aprili 13. Juu ya ngao, kando ya ngao

Mchonga vinyago tuliyemweleza kazi alileta rasimu yenye kofia ya kijani na vishada 6 kila upande. Alikuwa ameinakili kwenye mlango wa kanisa. Hiyo ni kofia ya askofu Mkatoliki. Askofu mkuu ana vishada 10 kila upande, kardinali (kama alivyokuwa Laurean Rugambwa tangu 1960) ana kofia nyekundu na vishada 15. Kwa watu wengi wa Afrika Mashariki ngao ya mtu binafsi pekee waliyowahi kuiona ni ya askofu wao, kwa hiyo kosa lina mantiki. Familia haivai kofia hiyo, hata ikiwa na padri ndani yake.

Familia iliomba twiga wawili wa kushika ngao. Nchi zinao: Kenya simba wawili, Uganda swala na korongo wa taji, Tanzania bibi na bwana. Kwa mtu binafsi, Uingereza huwaweka kwa watu wa vyeo vya juu tu. Hapa kwetu hakuna wa kukuzuia, lakini twiga wawili wanaongeza siku nne za kuchonga na hawasemi chochote kuhusu ukoo. Waliondoka bila kuliliwa sana.

Helmeti ya chuma, inayowekwa juu ya ngao za Ulaya, ilirukwa. Ngao za taifa za nchi zetu hazina helmeti na hazijapungukiwa. Kilichobaki ni kilemba: kitambaa kilichosokotwa, mikunjo 6 inayoonekana, ikipishana madini na rangi, ikianza na madini upande wa kulia wa ngao. Chetu ni nyeupe na buluu. Pwani hakihitaji maelezo.

Juu ya kilemba zimesimama kalamu mbili za mwanzi zilizopishana, kwa ajili ya walimu. Kitabu kilichofunguliwa kilikataliwa mapema. Hesabu beji za shule ulizowahi kuvaa au kufua uone ngapi hazina kitabu.

Maneno ya utepe yalichukua wiki mbili, kama kuchagua jina la kanga, na ugomvi ulikuwa ule ule: methali gani haijachoka. “Haraka haraka haina baraka” ina herufi na nafasi 26. Herufi ya milimita 16 kwenda juu inakula wastani wa milimita 14 kwenda pembeni, kwa hiyo ingehitaji milimita 364, na utepe una 300. Fanya hesabu hii kabla ya kupenda maneno. Yaliyopita: “Kusi na kaskazi”, herufi na nafasi 15, milimita 210.

Mei 4. Ubao wa kwanza umeharibika

Mninga kipande kimoja, upana sentimita 46, unene inchi moja na nusu, 45,000. Muuzaji alisema mkavu. Baada ya wiki tatu ndani ya karakana ulikuwa umebinuka milimita 9 katikati na kupasuka kutoka kichwani sentimita 11.

Mti hunywea zaidi kwa kuzunguka pete zake kuliko kwa kukatisha pete, kwa hiyo kipande kipana lazima kibinuke kikiendelea kukauka. Vichwa vya ubao hukauka haraka kuliko katikati, ndiyo maana ufa huanzia huko. Dawa: vipande vitatu vya sentimita 15 vilivyounganishwa, pete za kila kimoja zikipinduliwa kinyume cha jirani yake, na vichwa kupakwa rangi nzito siku ile ile vinapokatwa.

Mtiki wa Muheza, vipande vitatu, 60,000. Gundi nyeupe ya mbao, vibano vinne, usiku mzima. Asubuhi kiungo kimoja kilifunguka kwa mkono.

Mtiki una mafuta yake. Gundi hukaa juu ya mafuta, haiingii ndani. Safari ya pili: kuranda upya nyuso za kuungana, kuzifuta kwa kitambaa chenye thina mpaka kitambaa kitoke safi, kuacha dakika 5 zikauke, kisha gundi na vibano ndani ya robo saa kabla mafuta hayajapanda tena. Imeshika. (Imeongezwa baadaye: ilidondoshwa sakafuni kwa bahati mbaya Mei 19 na viungo havikustuka.)

Juni 8. Kuchonga

Mchoro ulihamishwa kwa karatasi ya kaboni, kina cha kuchonga milimita 6, siku 6 za fundi. Mtiki una mchanga ndani yake na hula makali: patasi ya milimita 10 ilinolewa kila dakika 20 hivi. Panga muda huo kwenye bei.

Kosa moja la vipimo. Ncha ya kenchi ilikuwa imewekwa sentimita 14 kutoka juu, mlima ukawa mkubwa na tanga kila upande likabanwa likawa kama kisu. Ilishushwa hadi sentimita 20, na mistari ikagusa kingo kwenye sentimita 38. Sasa kila tanga lina upana wa 17 na kimo cha 22, gurudumu kipenyo cha 16. Iligunduliwa kwenye karatasi, kwa hiyo haikugharimu kitu zaidi ya karatasi.

Maelezo yalisema zitazamane, na uchongaji ukaonyesha kwa nini huo ni uamuzi mzuri. Nafasi iliyo juu ya kenchi ni ndefu pembeni na fupi katikati. Tanga linalotazama katikati lina ncha fupi mbele na kimo nyuma, hivyo linajaza nafasi hiyo bila kulazimishwa. Zikipeana migongo, pembe za juu zinabaki tupu na katikati panabanana.

Spoki zilianza na unene wa milimita 7, mbili zikavunjika kingo pale zinapokata nyuzi za mti. Milimita 11 zimesimama.

Julai 6. Dhahabu isiyo dhahabu

Mbao ilipigwa msasa namba 80, 120, 240, ikafutwa kwa thina, ikapakwa shelaki (vanishi ya kuziba mbao) mikono miwili. Usiruke shelaki: rangi ya mafuta iliyopakwa moja kwa moja kwenye mtiki ilikuwa bado inanata siku ya nne, mafuta yale yale.

Dhahabu ilipakwa kwa rangi ya kopo yenye unga unaong'aa, 18,000. Siku ya kwanza kila mtu alipiga picha. Ndani ya wiki tano, dirisha likiwa upande wa bahari, mlima ulikuwa wa kahawia na madoa ya kijani kwenye mabonde ya patasi. Unga huo ni shaba na zinki. Hewa ya chumvi inaufanyia kile inachofanya kwenye vitasa vya milango. Karatasi za dhahabu bandia zina ugonjwa uo huo. Karatasi za dhahabu halisi hazigeuki, lakini bei tuliyopewa ilizidi gharama ya mbao na fundi pamoja.

Jibu lilikuwepo tangu mwanzo: njano. Katika sanaa ya ngao njano na dhahabu ni kitu kimoja, nyeupe na fedha kitu kimoja, na anayepaka njano hajapunguza heshima ya mtu. Mlima ulikwanguliwa, ukapakwa njano ya mafuta yenye tone la nyekundu, mikono mitatu. Usijaribu kopo la rangi ya fedha kwa matanga: mita 10 kutoka hapo ni kijivu.

Jaribio la vanishi lilifanywa kwenye kipande chakavu, bahati nzuri. Vanishi ya mafuta iligeuza nyeupe kuwa rangi ya pembe na buluu ikaelekea kijani. Imetumika vanishi ya maji, 25,000, mikono miwili myembamba.

(Rangi ya mkono wa mwisho wa njano ilikauka Agosti 17. Ingizo hili limeongezwa baadaye.)

Agosti 24. Muhuri

Kuna njia ya zamani ya kuonyesha rangi bila rangi, iliyoenezwa na Mjesuiti Silvester Petra Sancta mwaka 1638: buluu ni mistari ya kulala, nyekundu mistari ya kusimama, nyeusi mistari iliyokatana, dhahabu ni vitone, fedha huachwa tupu. Tuliitumia yote kwenye muhuri wa raba wa kipenyo cha milimita 40. Kwenye kompyuta mistari ilikuwa safi. Kwenye karatasi ilitoka doa moja la wino lenye gurudumu ndani.

Nafasi kati ya mistari ilikuwa milimita 0.3. Raba hupanuka inapobonyezwa na wino hujaza. Chini ya milimita 0.8 haifai, na kwa nafasi hiyo uwanja wetu unabaki na mistari michache isiyoeleweka. Muhuri wa pili umeacha mfumo wote: mistari ya nje tu, gurudumu limejazwa nyeusi, utepe umeondolewa. Unasomeka hata wino ukiwa haba. Mistari ya Petra Sancta iwekee mchoro wa ukubwa wa kiganja na kuendelea.

Septemba 14. Hesabu, usajili, na mapindo

Mbao imetundikwa. Viungo havijafunguka, njano haijabadilika.

Gharama: mninga 45,000, mtiki 60,000, gundi chupa mbili 12,000, msasa vipande 9, 9,000, rangi makopo manne ya robo lita 32,000, kopo la unga wa shaba 18,000, shelaki na thina 21,000, vanishi ya maji 25,000, fundi siku 6, 180,000, wachoraji watatu wa majaribio 60,000, mihuri miwili 50,000. Jumla 512,000. Kati ya hizo 94,000 ni makosa yetu: mninga, chupa moja ya gundi, unga wa shaba na muhuri wa kwanza. Pesa za wachoraji hazimo kwenye makosa. Bila wao tungechonga matanga ya Vasco.

Usajili: mchoro unaandaliwa kupelekwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kama kazi ya sanaa. Hilo linalinda mchoro huu, si maelezo. Ndugu walio Kenya wana njia nyingine, kwa kuwa nchi hiyo ilitunga mwaka 1968 sheria ya ofisi ya serikali inayotoa ngao. Afrika Kusini inayo ofisi yake Pretoria tangu miaka ya 1960, na Kanada tangu 1988. Ofisi za namna hiyo huitambua ngao kwa maelezo yake ya maneno, ndiyo maana ingizo la Machi ni refu.

Linalobaki ni watoto. Kwa Waingereza mtoto wa kwanza wa kiume huongeza mkanda wenye ncha tatu zinazoning'inia, wa pili mwezi mchanga, wa tatu nyota. Pwani, mwezi na nyota vitasomwa kama dini kabla havijasomwa kama namba ya uzazi, na mabinti wa ukoo huu wanataka alama kama kaka zao. Tumechukua njia ya Waskoti, ambao huwatofautisha watoto kwa pindo la rangi kuzunguka ngao. Neno lilikuwepo, kila mwenye kanga analijua.

Pindo lazima lionekane kando ya buluu na kando ya njano kwa pamoja, na hapo ndipo kazi ilipo. Nyekundu inapotea kwenye buluu. Nyeupe inafifia kwenye njano. Miraba ya nyeusi na nyeupe inaonekana kila mahali na ilikaribia kupitishwa, mpaka ilipobainika kwamba huko Uskoti pindo la miraba ndilo lililowekwa kwa watoto wa nje ya ndoa, na Uingereza pindo la mawimbi lilibeba ujumbe huo huo. Yote mawili yamefutwa.

Binti wa kwanza amepewa pindo jeupe lenye upana wa sentimita 4, likitenganishwa na uwanja kwa mstari mweusi wa milimita 3. Limepita mita 10. La mtoto wa pili, jeusi, linapotea kwenye buluu ikipigwa picha ya kijivu. Kesho linajaribiwa lenye mstari mweupe ndani yake.